Kijani Si Kipimo: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Mimea na Metali Nzito

Barua za toleo hili zinahusu jambo moja: mmea ukipandwa kwenye udongo au maji yenye kadimi, risasi, shaba au aseniki, ndani yake kunatokea nini, na protini zake zinafanya kazi gani. Tumechagua tano. Mbili ni za wakulima, na hizo tumeziweka mwanzo na mwisho.

Wahariri, salamu. Nalima mchicha na matembele kando ya Mto Msimbazi. Wateja wanasema maji yale yana sumu za viwandani. Lakini mboga zangu zimestawi, majani mapana na kijani kabisa. Kama zingekuwa na sumu si zingenyauka? — Mkulima, Dar es Salaam

Ndugu mkulima, si lazima zinyauke, na hatari iko hapohapo. Mboga zilizolimwa kando ya Msimbazi na Sinza zilipimwa zamani, na matokeo ya metali nzito yakachapishwa mwaka 1999. Kwa hiyo wateja wako hawasemi maneno ya mtaani tu.

Mzizi hauna mlango maalumu wa kadimi. Una protini inayoitwa IRT1, ambayo kazi yake ni kuingiza chuma, lakini haichagui sana: hupitisha pia zinki, manganizi, kobalti na kadimi. Udongo ukipungukiwa chuma, mmea hutengeneza IRT1 nyingi zaidi, na kadimi hupata njia pana zaidi.

Ikishaingia, kadimi hung'ang'ania salfa. Protini nyingi zina salfa kwenye kiungo chao kiitwacho sisteini, na baadhi hushikilia zinki ili zikae katika umbo lake. Kadimi huisukuma zinki nje na kuketi mahali pake. Protini ikipoteza umbo, imepoteza kazi. Mmea hausubiri hali ifike huko. Ndani ya saa chache huanza kuunda vipande vifupi vyenye salfa nyingi, faitokelatini, vinavyoifunga kadimi. Protini mbili zilizo kwenye utando wa ndani wa seli, ABCC1 na ABCC2, hubeba mzigo huo hadi kwenye vakuoli, kile kifuko kikubwa cha maji kinachojaza sehemu kubwa ya seli. Protini nyingine, HMA3, hupeleka humo kadimi isiyofungwa. Wakati huohuo protini walezi, hasa zile za kundi la HSP70, hushika protini zilizoanza kuharibika na kuzirudisha kwenye umbo lake.

Mmea basi hufanya kama mwenye nyumba aliyefungia sumu stoo: sebule ni safi, lakini sumu haijatoka nyumbani. Anayekula jani anakula na stoo yake. Protini hizi zinaulinda mmea, hazimlindi mlaji, na kadiri mmea unavyojilinda vizuri ndivyo unavyoweza kubeba metali nyingi bila kuonyesha dalili yoyote.

Sasa la kufanya. Kuosha huondoa vumbi, na vumbi hubeba sehemu kubwa ya risasi iliyo juu ya majani ya kando ya barabara. Kadimi iliyo ndani ya seli haitoki kwa maji. Peleka sampuli maabara, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au chuo kikuu. Chukua udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu kumi za shamba, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki, utoe nusu kilo. Usitumie ndoo ya bati, kwa kuwa zinki yake itachafua sampuli. Pamoja na udongo peleka majani yaliyooshwa vizuri. Viwango vya Codex, mpango wa kimataifa wa viwango vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.2 za kadimi na 0.3 za risasi kwa kila kilo ya mboga mbichi. Uliza maabara kama namba waliyokupa ni ya jani bichi au kavu. Mchicha karibu tisa ya kumi yake ni maji, hivyo miligramu 2 kwa kilo kavu ni kama 0.2 kwa kilo mbichi. Watu wengi wametishika, au wameridhika, kwa kutouliza swali hilo.

Matokeo yakiwa mabaya, mboga za majani ndizo za kwanza kuacha, kwa sababu jani hukusanya kadimi nyingi kuliko tunda au punje. Mahindi, bamia na nyanya ni nafuu zaidi. Kama pH ya udongo iko chini ya 6, ongeza chokaa ya kilimo hadi ifike 6.5 au 7. Hapo kadimi na risasi hushikwa na udongo, na mzizi hupata kidogo. Tani 2 kwa hekta ni gramu 200 kwa mita ya mraba, lakini kiasi chako halisi kitoke kwenye kipimo: mfinyanzi huhitaji zaidi, kichanga huhitaji kidogo. Changanya hadi sentimita 15, wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Chokaa haisaidii kwa aseniki, na yaweza hata kuilegeza zaidi. Na kama maji unayomwagilia ndiyo machafu, chokaa itakuchelewesha tu. Badilisha maji kwanza.

Wataalamu, vitabu vya wanafunzi wangu vinazitaja faitokelatini na metalothionini kana kwamba ni kitu kimoja. Tofauti ni nini? — Mwalimu wa biolojia, Morogoro

Mwalimu, zote mbili zina sisteini nyingi na zote hufunga metali, ndiyo maana huchanganywa. Asili yake ni mbali kabisa.

Metalothionini ni protini ya kawaida: ina jeni lake, RNA yake, na hutengenezwa na ribosomu. Ilipatikana kwanza mwaka 1957 kwenye figo la farasi, na baadaye ikaonekana kuwa mimea nayo ina aina zake. Katika mimea huhusishwa zaidi na shaba na zinki kuliko na kadimi.

Faitokelatini haina jeni lake. Ilielezwa kwa mimea mwaka 1985 na Erwin Grill, Ernst-Ludwig Winnacker na Meinhart Zenk nchini Ujerumani. Malighafi yake ni glutathioni, kipeptidi cha asidi amino tatu: glutamati, sisteini na glisini. Kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) kiitwacho sinthesi ya faitokelatini hukata glisini kwenye glutathioni moja na kuunganisha kinachobaki na glutathioni nyingine, kisha nyingine, mpaka jozi ya glutamati na sisteini imejirudia mara 2 hadi 11. Tena glutamati hiyo imeungwa kwa mkono wake wa pembeni, ule wa gama, na ribosomu haiwezi kuunga namna hiyo.

Wafundishe wanafunzi jambo hili hasa: kimeng'enya hicho tayari kipo kwenye seli kabla metali haijaja. Metali ikiingia na kushikana na glutathioni, kazi inaanza papo hapo, bila kusubiri jeni liwashwe. Kadimi ikifungwa yote, kazi inapoa. Jeni la kimeng'enya lenyewe lilitambuliwa mwaka 1999, na makundi matatu ya watafiti kwa wakati mmoja. Mmea wa Arabidopsis (mmea mdogo unaotumika sana maabara) ambao jeni hilo limeharibika, uitwao cad1, huungua kwa kiasi kidogo cha kadimi ambacho wenzake hawakisikii.

Hilo linatoa pia funzo la shambani. Salfa ikikosekana, glutathioni inapungua, na mmea hauna cha kutengenezea kinga.

Nafanya shahada ya uzamili. Nimekuza mahindi kwenye maji yenye kadimi kwa siku saba. Chuo hakina spektromita ya masi. Nimepima SOD, kimeng'enya kinachozima oksijeni haribifu kwenye seli, na imepanda kwa asilimia 30, lakini msimamizi wangu ana shaka. Pia nilituma nje ya nchi jeli niliyotenganishia protini ikachunguzwe na hawakuona faitokelatini hata moja. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi, Eldoret

Ndugu mwanafunzi, tuanze na la pili kwa kuwa jibu lake ni rahisi. Hazikuonekana kwa sababu njia hiyo haiwezi kuziona. Faitokelatini ni fupi mno na hukimbia nje ya jeli. Hazina jeni, hivyo hazimo kwenye hifadhi ya data ambayo kompyuta hulinganisha nayo. Na tripsini, inayokata baada ya lisini na ajinini, haina pa kukata. Metalothionini nazo husumbua: uzito wake ni kilodalton 6 hadi 8 hivi, na nyingi hupokea rangi ya Coomassie vibaya sana. Kutoonekana kwenye jeli hakumaanishi hazipo.

Njia ya bei nafuu ipo. Saga gramu 0.5 za mzizi kwenye asidi ya salfosalisiliki ya asilimia 5, juu ya barafu, kisha zungusha kwenye sentrifuji. Asidi huangusha protini, na juu hubaki salfa huru za vipeptidi. Zipime kwa kitendanishi cha Ellman kwenye nanomita 412. Pima pia glutathioni peke yake, ile isiyooksidishwa tu, kisha utoe. Kinachobaki ni makadirio ya faitokelatini. Kumbuka kurudisha pH kwenye 7.5 au 8 kabla ya kuongeza Ellman. Kwenye asidi rangi haitokei, na wengi hudhani hawana salfa kumbe wana asidi. Andika kwenye tasnifu kwamba ni makadirio.

Sasa hiyo SOD. Tunakisia umeigawa kwa miligramu ya protini. Angalia mfano huu wa hesabu tu. Jani la kawaida lina miligramu 10 za protini kwa gramu mbichi na uniti 200 za SOD: hiyo ni 20 kwa miligramu. Jani lenye kadimi lina miligramu 7 na uniti 182: hiyo ni 26 kwa miligramu. Umepata ongezeko la asilimia 30, na hali jani lina SOD pungufu kuliko mwanzo. Kilichoshuka ni protini nyingine, na hasa Rubisco, protini inayonasa kaboni dayoksaidi kwenye jani, ambayo kwenye mimea mingi hufikia nusu ya protini zote zinazoyeyuka za jani (kwenye mahindi ni chini ya hapo, lakini bado ni nyingi) na ambayo huwa miongoni mwa za kwanza kupungua chini ya kadimi. Toa matokeo kwa njia zote mbili, kwa miligramu ya protini na kwa gramu ya jani. Zikipingana, hilo lenyewe ndilo tokeo lako.

Kisha tenganisha aina za SOD kwenye jeli isiyo na SDS (sabuni inayokunjua protini), uipake rangi kwa NBT na riboflavini chini ya taa. Mistari ya SOD hubaki myeupe kwenye uwanja wa buluu. Loweka kipande kimoja kwenye KCN (sianidi ya potasiamu) ya milimola 3: mistari ya SOD ya shaba na zinki hupotea. Loweka kingine kwenye peroksidi ya haidrojeni ya milimola 5: hupotea hiyo pamoja na ya chuma. Inayobaki pote ni ya manganizi, ile ya mitokondria. Ukijua iliyobadilika, unajua ni sehemu gani ya seli iliyoumia, na jibu hilo lina thamani kuliko asilimia 30 isiyo na mwenyewe. KCN ni sumu ya kuua haraka. Isikutane kamwe na asidi, na usifanye peke yako.

Makosa mengine tunayoyaona mara kwa mara kwenye kazi za namna hii tutayataja ili uyapime na yako. La kwanza ni dozi. Ukikuta majani yamekufa siku ya pili, unachopima ni protini za kufa, si za kujikinga. Anza na jaribio la urefu wa mzizi kwa mikromola 0, 5, 10, 25 na 50, halafu chagua dozi inayopunguza ukuaji kwa theluthi hadi nusu. Kwa akiba, yeyusha gramu 0.228 za kloridi ya kadimi yenye maji mawili na nusu ya fuwele katika mililita 100. Hiyo ni milimola 10, na mililita 1 yake kwenye lita 1 hutoa mikromola 10.

La pili ni mchanganyiko wa Hoagland, yale maji ya virutubisho ya kukuzia mmea bila udongo. Chuma chake huletwa na EDTA, kemikali ya kukamatia metali, na EDTA hushika metali nyingine pia. Fosfati yake huangusha risasi chini kama unga mweupe. Anayetaka kupima risasi akaacha fosfati ileile ndani, mmea wake haukuiona risasi aliyoandika kwenye tasnifu. Tumia Hoagland ya robo, punguza fosfati, na badilisha maji kila baada ya siku tatu. Ukiweka risasi kama nitrati, kundi lako la kulinganisha nalo lipewe nitrati sawa.

La tatu ni kuchukua sampuli siku ya saba tu. Faitokelatini huanza ndani ya saa chache. Ukisubiri wiki umekuta mmea uliokwisha kuzoea. Chukua saa 6, 24 na 72, kisha siku ya saba.

Na kabla ya kusaga mzizi kwa ajili ya kupima metali, uoshe kwenye EDTA ya milimola 20 kwa dakika 15, usije ukahesabu kadimi iliyoganda nje ya ngozi kuwa ndiyo iliyoingia. Kwa APX, kimeng'enya kinachoondoa peroksidi, weka askobati (vitamini C) ya milimola 1 hadi 5 kwenye bufa, la sivyo kimeng'enya cha kloroplasti hufa mkononi mwako ndani ya dakika chache. Ongeza PVPP ya asilimia 1 hadi 2 ikamate fenoli, zinazogeuza juisi ya jani kuwa ya kahawia na kuharibu vimeng'enya vyote. Marudio yawe vyombo vinne vilivyokuzwa mbalimbali. Mirija minne kutoka chombo kimoja ni rudio moja.

Ukipata nafasi tena ya kutuma protini nje, ziangushe kwa asetoni yenye asidi ya TCA ya asilimia 10 na merkaptoethanoli ya asilimia 0.07, usiku mzima kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Osha kwa asetoni baridi mpaka harufu ya asidi iishe, kisha yeyusha kwenye urea ya mola 7, thiourea ya mola 2 na CHAPS ya asilimia 4. Usipashe moto kupita nyuzi 37: urea hugeuka na kubandika uzito wa ziada kwenye protini zako, na jeli itaonyesha nukta tatu mahali penye protini moja. Mashapo yasikauke kabisa, maana yakikauka hayayeyuki tena.

Kadimi husababisha saratani. Vaa glavu, na maji yaliyobaki yasimwagwe kwenye sinki hata kidogo. Yakusanywe kwenye dumu lenye lebo.

Huku kwetu Lubumbashi kuna maua yanayoota kwenye vilima vya shaba ambako kitu kingine hakiponi. Yanawezaje? Na je, yanaweza kutusafishia udongo? — Msomaji, Lubumbashi

Ndugu yetu, bila shaka unasema *Haumaniastrum katangense* na jamaa zake. Ua hilo hufuata shaba kiasi kwamba limeota hata juu ya mahali ambapo wafua shaba wa kale waliyeyushia mawe yao.

Shaba ni tofauti na kadimi kwa kuwa mmea unaihitaji. Kwa hiyo haifungiwi tu, inaendeshwa. COPT1 huiingiza, protini za kubeba kama ATX1 huipokea ili isizurure peke yake, na HMA5 huitoa kwenye seli za mzizi. Shaba huru ni hatari kwa sababu hugeuza peroksidi ya haidrojeni kuwa radikali ya haidroksili, ambayo hupasua chochote inachokigusa. Katika Arabidopsis tunajua hata msimamizi wa hesabu hiyo, SPL7: shaba ikiwa haba, SOD ya shaba na zinki hupunguzwa na ile ya chuma huongezwa, shaba ikiwa tele, kinyume chake. Hayo yote ni ya Arabidopsis. Ua la Katanga lina njia zake, na haifai kulibandikia majibu ya mmea mwingine.

Kuhusu kusafisha, tahadhari. Namba nyingi za zamani zilizoonyesha shaba ya ajabu kwenye majani ya mimea hiyo zilitokana na vumbi la madini lililokwama kwenye vinyweleo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007, ambamo majani yalioshwa kwa uangalifu, ulishusha namba hizo sana. Kwa udongo uliochafuliwa na moshi wa tanuru, kama wa Penga Penga mjini kwenu, kazi yenye maana zaidi ni kuufunika: nyasi ya *Microchloa altera* imejaribiwa hapo, ikipandwa pamoja na chokaa na mboji, ili vumbi lisiruke kuingia majumbani. Kwa afya ya watoto, hilo la vumbi ni la haraka kuliko ndoto ya kuvuna shaba kwa maua.

Tulishauriwa kukausha majaruba mara kwa mara ili mchele usiwe na aseniki. Mwingine anasema kukausha kunaleta kadimi. Tumsikilize nani? — Mkulima wa mpunga, Mbarali

Wote wawili wamesema kweli. Jaruba likijaa maji, oksijeni huisha kwenye tope. Aseniki hugeuka kuwa asenaiti, ambayo kwa umbo hufanana na silika, na mpunga ni mmea unaopenda silika sana. Asenaiti hupita kwenye mlango wa silika, protini ya Lsi1, kisha Lsi2 huisukuma kuelekea juu. Hili lilionyeshwa mwaka 2008. Ukikausha, aseniki inashikwa na udongo, lakini kadimi iliyokuwa imefungwa na salfa inaachiliwa, na huingia kwa OsNramp5, mlango wa manganizi.

Kwa hiyo kipimo cha udongo ndicho kitakachoamua. Kama shida yako ni kadimi, acha maji yafunike jaruba wiki tatu kabla ya mpunga kutoa masuke na wiki tatu baada ya hapo, kwa sababu kipindi hicho ndicho kinachojaza punje. Kama shida ni aseniki, kausha na kujaza kwa zamu. Kama hujapima na huna sababu ya kushuku chochote, lima kama kawaida. Japani waliokuwa na shida kubwa ya kadimi walipata mwaka 2012 mbegu za Koshihikari ambazo OsNramp5 yake imevunjika, na punje zake karibu hazina kadimi.

Viwango vya Codex kwa mchele uliokobolewa ni miligramu 0.4 za kadimi na 0.2 za aseniki isiyo ya kikaboni kwa kilo. Penye aseniki, rudisha maganda ya mpunga shambani. Silika yake hushindana na asenaiti mlangoni. Majani makavu yasirudishwe, kwa kuwa hubeba aseniki nyingi kuliko maganda.